SEHEMU YA 6: Ufunguo wa Geti la Nyuma Anao Nani?

Wiki iliyopita tuliongea homa ya usiku. Leo sitaongelea dawa. Naongelea kufuli. Najua mtasema nesi kaishiwa mada, ila vumilieni mpaka mwisho.

Mimi naishi kwenye mtaa wa fensi moja, nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam. Tuna geti kubwa la mbele na kigeti kidogo cha nyuma kinachotokea barabara ya lami. Tuna mlinzi, tuna kamati ya wenye nyumba, tuna ada ya kila mwezi na karatasi ya kanuni ambayo kila anayehamia anapewa asaini. Wengi mnaonisoma mnaishi hivyo hivyo au ghorofani, na wengine mnajichanga mhamie sehemu za namna hiyo kwa sababu mnasema "kule kuna usalama kwa watoto".

Ni kweli upo. Ila usalama dhidi ya nini?

Baada ya nyumba mbili kuibiwa, kamati iliitisha kikao. Ikapendekezwa geti la nyuma lifungwe kwa kufuli kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na ufunguo akae nao mwenyekiti nyumbani kwake. Watu wakanyoosha mikono. Mimi pia nilinyoosha. Nilikuwa nimechoka, nimetoka zamu ya usiku, nataka kikao kiishe nikalale. Sikuuliza swali hata moja.

Masika ikaja. Usiku mmoja, kama saa saba hivi, nagongewa mlango. Jirani yangu, mama wa mtoto wa miaka miwili (kaniruhusu nisimulie bila jina lake). "Dada nisaidie, mtoto anakakamaa!" Degedege. Nikamlaza mtoto ubavu, nikamlegeza nguo, nikaangalia saa. Haikukoma haraka. Dakika tano zikapita, na sisi kwetu degedege ikivuka dakika tano hatusubiri tena, ni kumkimbiza hospitali.

Mbele ya geti kubwa kuna bonde. Mvua ile ilikuwa imelijaza, gari dogo halipiti. Njia ilikuwa moja tu, geti la nyuma. Tukakimbia na mtoto mgongoni kwa baba yake, bajaji inatusubiri upande wa pili, taa tunaziona kabisa kwenye matundu ya geti. Mlinzi akanitazama kwa huruma: "Nesi, funguo anao mwenyekiti. Na mwenyekiti kasafiri tangu juzi."

Kufuli lilivunjwa kwa nondo. Ilichukua dakika ishirini na kitu. Mtoto yule ni mzima, jana nimemuona anakimbiza kuku. Lakini mimi zile dakika ishirini sijazisahau, kwa sababu lile kufuli nililipigia kura mwenyewe.

Na nikajiuliza: je, ungekuwa moto?

Kesho yake nikaitoa ile karatasi ya kanuni nikaisoma yote, kwa mara ya kwanza tangu niisaini. Kurasa tatu. Rangi ya ukuta wa nje imeandikwa. Kuanika nguo upande wa mbele, marufuku. Mifugo, ada, sauti ya muziki, vyote vimo. Neno "mtoto" nimelikuta mara moja tu: watoto wasicheze mpira karibu na geti. Neno "moto" pia mara moja: ni marufuku kuchoma taka. Basi. Hakuna mahali panaposema nani anapiga simu zimamoto, nani ana ufunguo, tukutane wapi usiku tukitoka mbio.

Maoni yangu ndo haya, na najua kuna watakaochukia: kanuni nyingi za mitaa yetu zimeandikwa kulinda thamani ya nyumba, halafu tukaziita kanuni za usalama. Mwizi ana kurasa tatu. Moto, maji na mtoto mgonjwa havina hata mstari.

Simdharau mwizi. Dada aliyeibiwa TV na laptopu huku amelala na vichanga wake ana haki ya kuogopa, na mimi namuelewa. Ila tunachokosea ni kudhani kila kinachomzuia mwizi kuingia ni usalama. Kitu hicho hicho kinaweza kukuzuia wewe kutoka. Kanuni nzuri lazima ijibu maswali yote mawili: mwizi anazuiwaje, na sisi tunatokaje?

Sasa niwaambie mambo manne ambayo mimi nataka yaandikwe kwenye karatasi yetu, na nawaomba mkayapeleke kwenye za kwenu.

La kwanza, grili za madirisha. Nyumba zetu karibu zote zina grili zilizochomelewa moja kwa moja ukutani. Moto ukianzia sebuleni usiku, aliye chumbani njia yake ni dirisha, na dirisha ni jela. Tena watu wengi kwenye moto wa nyumba hawauawi na ndimi za moto, wanauawa na moshi, na moshi haukupi muda wa kutafuta nyundo. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye mlango unaofunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea anaifanya hiyo. Utaniambia mwizi atachukua ufunguo. Utundike mbali na mkono wa mtu aliye nje, lakini pale ambapo wewe, dada wa kazi na mtoto mkubwa mnaweza kuufikia gizani. Na watoto wafundisheni: moshi unapanda juu, kwa hiyo tambaa chini kuelekea njia ya kutokea, usijifiche uvunguni.

La pili, njia ya gari la zimamoto. Namba yao ni 114, iandike ukutani sio kwenye simu tu, maana simu huwa inakufa chaji siku unayoihitaji. Lakini wakija watapita wapi? Kwetu jioni magari yanapaki pande zote mbili, na mbele ya kona kuna mawe makubwa jirani kayapanga ili watu wasikanyage bustani yake. Gari la zimamoto sio bodaboda. Kamati ichore sehemu isiyopaki mtu hata kwa dakika tano, na iwaalike zimamoto waje wakague mtaa na kutoa elimu. Hiyo ni kazi yao, waombeni.

La tatu, maji. Mtoto mdogo anazama kimyakimya, hapigi kelele kama kwenye sinema, na hahitaji kina kirefu. Ndoo ya maji inatosha. Mtaani kwetu kuna matenki ya chini yenye mifuniko ya bati jepesi, kuna chemba ambayo mfuniko wake umevunjika, na kuna mtaro wa nyuma ambao masika unageuka mto. Ukiuliza wa nani, unaambiwa "ni wa wote". Cha wote kikikosa mtu wa kukisimamia kinakuwa cha mtoto wa yeyote atakayetumbukia. Kanuni iseme wazi: kila mfuniko uwe mzito na wenye komeo, na wa eneo la pamoja utengenezwe kwa fedha ya ada kabla ya kupaka rangi geti.

La nne, gesi na mkaa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, sakafuni, pale anapotambaa mtoto. Ukisikia harufu usiwashe wala kuzima taa, fungua madirisha na milango, funga mtungi kama unafikika, toeni watoto nje kwanza. Kwa wenye mtaro au chumba cha chini, mitungi ya akiba msiiweke huko. Na jiko la mkaa, jamani, usiliingize chumbani hata kama mvua inanyesha na mtoto anatetemeka. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi. Mtu analala tu, haamki.

Sasa kuna jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Kwetu kikaoni anayepiga kura ni mwenye nyumba. Mpangaji akija, anakaa nyuma, akinyoosha mkono anaambiwa "mama, wewe subiri". Lakini mchana ukipita mtaani, nani yupo? Wapangaji. Kina mama wenye watoto wachanga, wadada wa kazi, bibi aliyekuja kulea mjukuu. Wenye nyumba wengi wako kazini, na wengine hawaishi hapa kabisa, wanaishi mkoa mwingine na kupokea kodi. Yaani anayepitisha kanuni ya kufuli halali ndani ya lile kufuli.

Sisemi mpangaji aamue rangi ya ukuta. Nyumba sio yake, sawa. Ila kwenye suala la nani anatoka vipi usiku, kila anayelala humu awe na sauti. Hata kwa nyie wa ghorofani, kuna sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu ndani ya jengo moja, na wamiliki wanakuwa na umoja wao wa kusimamia vya pamoja kama ngazi na korido. Ule umoja sio wa kukusanya fedha ya usafi tu. Ngazi zikijaa baiskeli, makabati ya zamani na mitungi, hao ndio wa kuulizwa.

Na msidhani haya ni ya kwetu maskini peke yetu. London, Juni 2017, jengo la Grenfell Tower lenye ghorofa 24 liliungua, watu 72 wakafariki, na watoto walikuwemo. Moto ulianzia kwenye friji ya nyumba moja ghorofa ya nne, ukapanda kwa nje kwenye mapambo mapya ya ukuta. Kundi la wakazi lilikuwa limeandika onyo miezi kadhaa kabla, kwamba wasiposikilizwa watu watakufa. Hawakusikilizwa. Ukuta ulikuwa umependezeshwa. Nikisoma ile habari namkumbuka mwenyekiti wetu na kanuni yake ya rangi, na nakumbuka mkono wangu uliokuwa juu.

Kwa hiyo nilirudi kikaoni. Nilisimama nikasema mbele ya watu kwamba nilikosea, na nikamuomba yule mama mpangaji asimulie mwenyewe. Kukawa kimya. Mzee mmoja akauliza, "Sasa tufanye nini, tuwaachie wezi?" Nikamjibu kwa heshima, "Hapana baba. Geti lifungwe. Ila ufunguo uwe getini." Tukabishana karibu saa nzima. Mwisho wakakubali: ufunguo mmoja uko kwenye kibanda cha mlinzi ndani ya kiboksi cha kioo, mlinzi anaandika kwenye daftari kila ukitumika, na wa pili uko kwenye nyumba iliyo karibu na geti. Wezi hawajaongezeka. Gharama ilikuwa ya kufuli moja jipya na kile kiboksi.

Grili bado wanabisha. Wanasema ni gharama ya kila mtu na nyumba yake. Mwenye nyumba yangu mimi nilimwandikia meseji mara tatu, mara ya nne nikamwambia nikate kwenye kodi, akakubali dirisha moja. Ndiyo mjue kwamba hata mimi ninayewahubiria ni mpangaji.

Ndiyo, mimi mpangaji. Kura ile nilipiga kwa sababu mwenye nyumba alinituma nimwakilishe kikaoni, tena akaniambia "kubali chochote kitakachosemwa". Nikakubali. Safari hii simuulizi.

Kazi ya nyumbani, mama mwenzangu. Usiku wa leo watoto wakishalala, zima taa zote. Simama chumbani kwao gizani. Halafu jaribu kutoka mpaka barabarani bila kuwasha kitu. Hesabu kufuli utakazokutana nazo, na kwa kila kufuli jiulize ufunguo anao nani. Ukifika kwenye kufuli ambalo jibu lake ni "sijui" au "mwenyekiti", hilo ndilo la kupeleka kikaoni. Usiende peke yako, nendeni wanne watano. Mama mmoja akisema wanamwita mkorofi, watano wakisema inaitwa hoja.

Niandikieni hapo chini mmehesabu kufuli ngapi. Mimi nilipata nne. Sasa zimebaki tatu.

Sehemu ya 7 tutaongelea kuungua kwa maji ya moto, na kwa nini dawa ya meno haitakiwi kukaribia kidonda. Mpaka hapo, mtoto akiungua: maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida sio ya barafu, dakika ishirini. Usiku mwema.