Kuchemsha Maji Hakuondoi Kila Kitu



Wiki hii tumeona ni vyema kulijibu swali ambalo akina mama hutuuliza mara kwa mara baada ya darsa, hasa huku Arusha, ambako visima virefu vinachimbwa kwa sadaka za waumini. Je, maji ya kisima yakishachemshwa, yakapoa na kuchujwa kwa kitambaa safi, yanakuwa salama kwa mtoto? Jibu letu ni kwamba yamekuwa salama kwa upande wa vijidudu. Upande wa madini ni habari nyingine, na huko kuchemsha huweza kuyazidisha madhara.

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kutazama maji ni kitu gani. Molekuli moja ya maji imeundwa kwa atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, nazo hazikukaa katika mstari ulionyooka bali zimepinda mfano wa kiwiko. Oksijeni huzivuta elektroni kwa nguvu zaidi, hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Kwa sababu hiyo molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hukishika kila chenye chaji. Ukitia chumvi katika bilauri, maji huizingira, upande hasi ukielekea sodiamu na upande chanya ukielekea kloraidi, yakaibandua kidogo kidogo mpaka isionekane tena. Macho hayaioni, lakini ulimi unajua kuwa imo.

Kule kushikana kwao kunaonekana katika mtungi wa udongo. Maji yanayopenya hadi nje ya mtungi, ili yageuke mvuke, lazima yajinasue kutoka kwa wenzao, na joto la kujinasua huchukuliwa kwenye yale yaliyobaki. Ndiyo maana yanapoa. Jasho letu hufanya kazi hiyo hiyo juu ya ngozi.

Lakini tunalolikusudia leo ni kule kuyeyusha. Damu huweza kupeleka sukari na chumvi mwilini na kurudisha taka hadi kwenye figo kwa sababu vitu hivyo vimeyeyuka katika maji. Mgomba nao haupati chochote katika mbolea iliyo kavu. Hata mtoto anayeharisha hapewi maji matupu, hupewa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kwa kuwa utumbo hupokea sodiamu pamoja na glukosi, kisha maji huzifuata.

Sasa, maji hayachagui cha kuyeyusha. Mvua inayoingia ardhini katika miteremko ya Mlima Meru hupita kwa muda mrefu ndani ya mawe na majivu ya volkano, ikachukua madini ya floraidi. Ardhi yenye kalsiamu nyingi huyapunguza madini hayo, kwani kalsiamu na floraidi hukamatana na kuganda kama jiwe. Maji ya ukanda wetu, na ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa hadi Nakuru na Naivasha nchini Kenya, mara nyingi yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, basi floraidi hubaki imeyeyuka. Maji ya namna hiyo hutoa povu zuri la sabuni, nayo huwa maangavu. Watu huyasifu.

Moto huua vijidudu, lakini floraidi haigeuki mvuke. Tuchukue lita 2 za maji yenye miligramu 3 za floraidi kwa kila lita. Yakichemka mpaka zikabaki lita moja na nusu, miligramu zote 6 zimo humo, yaani 4 kwa lita. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kabla ya kufikia miaka minane hivi, wakati meno ya kudumu yanatengenezwa ndani ya ufizi. Jino likishaota na madoa ya kahawia, mswaki hauyaondoi. Tunao vijana madrasa wanaoziba mdomo kwa kiganja kila wanapocheka, na tumesikia mama zao wakilaumiwa kuwa hawakuwafundisha usafi. Lawama hiyo ni dhuluma. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za misikiti zisikipokee kisima chochote kabla maji yake hayajapimwa floraidi katika maabara ya ubora wa maji. Sampuli ichukuliwe katika chupa ya plastiki iliyo safi. Wenye vyeti vya zamani wavisome upya, kwani kwa miaka mingi Tanzania ilikubali hadi miligramu 4 kwa lita. Tena tusisahau magadi ya kupikia maharage, ambayo nayo huwa na floraidi.

Yapo machujio ya mkaa wa mifupa, ambayo huishika floraidi kwa vile mfupa wenyewe huivuta. Nguvu yake huisha, na mkaa lazima ubadilishwe. Waumini pia wana haki ya kujua mifupa hiyo ni ya mnyama gani na alichinjwaje; muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutolewa.

Maoni yetu ni kwamba njia nyepesi zaidi ni kutenganisha matumizi. Kisima kibaki kwa udhu, kufua na kusafishia. Ya kunywa na kupikia yavunwe kwenye paa, kwa kuwa mvua ina floraidi kidogo mno. Paa la mita za mraba 200 likipata milimita 600 za mvua hupokea lita 120,000, hata kama sehemu yake itapotea. Maji ya mwanzo ya msimu yamwagwe yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, na tangi lifunikwe. Maji hayo ndiyo ya kuchemsha.