AFYA KATIKA JAMAA: Dawa ya kutuliza moyo, na tansioni iliyo chini

Mama mmoja auliza hivi: «Kila asubuhi mume wangu humeza kidonge cha kupunguza mbio za moyo. Juzi walimpima tansioni, wakaiona iko chini. Je, aendelee kumeza, ama aache?»

Swali lako ni jema, Mama, kwa maana kuna hatari pande zote mbili.

Kwanza tufahamu kwamba mapigo ya moyo na tansioni si kitu kimoja. Mapigo ni hesabu: moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Tansioni ndiyo nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Kipimo chake kina namba mbili. Zikiwa chini ya 90 na 60, twasema tansioni iko chini. Basi, dawa nyingi za kutuliza moyo, kama vile propranololi, atenololi na bisoprololi, hupunguza mapigo na kushusha tansioni pamoja.

Pili, moyo unaokwenda mbio hauna kosa sikuzote. Mtu aliyeharisha siku mbili, au mama aliyetokwa na damu nyingi alipozaa, amepungukiwa maji na damu mwilini. Tansioni yashuka, na moyo wakimbia ili ubongo na mafigo vipate fungu lao. Ni kama mtoto anayechota maji kwa chombo kidogo: hana budi kwenda na kurudi mara nyingi. Ukimzuia asikimbie, nyumba yakosa maji. Kwa hiyo usimpe jirani kidonge chako kwa sababu tu amesema moyo wake wadunda. Huenda mbio hizo ndizo zinazomlinda.

Tatu, kuacha dawa hizi kwa ghafula ni hatari vilevile. Moyo uliozoea kutulizwa waweza kurudia mbio kwa ukali. Na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo aweza kushikwa na maumivu makali ya kifua, hata kufa. Tena wako wagonjwa wenye moyo dhaifu ambao mganga huwapa dawa hizi ingawa tansioni yao ni ndogo, kwa kuwa zawafaa. Namba peke yake haitoshi kuamua.

Basi Baba afanye nini? Kabla ya kumeza, akae kitako akitulia dakika 5. Mtoto wenu aliye shuleni na amsaidie: aweke vidole viwili penye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha aandike katika daftari siku, saa na hesabu. Penye chombo cha kupima tansioni, aandike na namba zake.

Mapigo yakiwa chini ya 50, au namba ya juu ya tansioni chini ya 90, au macho yakiingia giza anapoinuka, asiamue peke yake. Amwulize mganga au mwuguzi siku ile ile, kabla ya kumeza, akichukua kikasha cha dawa na daftari. Afanye vivyo hivyo akiharisha, akitapika au akiwa na homa kali. Lakini akizimia, akikosa pumzi, akiumwa kifua au akichanganyikiwa akili, mpelekeni hospitali mara moja.

Na siku atakaporudi kwa mganga, asitoke kabla ya kuuliza neno hili: «Mapigo na tansioni vikishuka hadi namba gani, nisimeze kwanza?» Jibu liandikwe juu ya kikasha cha dawa, kusudi jamaa yote ilisome. Kuuliza si ujinga, Mama. Wewe umeuliza kwa wakati wake.