Mchawi Ni Noma, Lakini Nani Ako na Masaa? Hesabu ya Klasi za Magemu ya Kitambo Ukiwa Sori

Wasee, magemu za kitambo zimerudi. Diablo II ilisafishwa ikatoka tena 2021. Baldur's Gate 3 ikaingia Agosti 2023 na mwisho wa mwaka ikabeba taji la gemu bora pale The Game Awards. Mei 2024 ikawa zamu ya Wizardry, gemu ya 1981, kitu imezidi wengi wetu umri. Na kila moja ikirudi, ile vita ya zamani inarudi nayo: kati ya mpiganaji, mchawi, kasisi na mwizi, nani mkali kweli na nani amebebwa na waundaji?

Shida ni kwamba hiyo vita huwa inapiganwa na watu wako na stima usiku kucha na kompyuta ya peke yao. Hebu ipeleke Karungu, pale Sori kwa ufuo, ambapo laptop moja inazunguka kwa mbogi nzima na chaji ni ya kuomba. Utaona majibu yote yanapinduka.

Kwanza tuelewane, juu kuna wasee wanajua FIFA pekee. Kwa hizi gemu za hadithi, hujichagulii timu, unajichagulia kazi. Hiyo kazi ndio klasi. Mpiganaji anapiga na kupigwa, mchawi anarusha moto, kasisi anaponya, mwizi anafungua kufuli na kutegua mitego. Mfumo ulianzia mezani, kwa karatasi na dadu, 1974, wakati Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Toleo la kwanza lilikuwa na klasi tatu tu. Mwizi aliongezwa mwaka uliofuata, na mimi huona ni kama hajawahi kupata kiti chake vizuri tangu siku hiyo.

Sasa, kitu watu hubishania ni hii. Mpiganaji anakua pole pole lakini anaanza akiwa fiti. Mchawi anaanza akiwa takataka, halafu anakuja kuwa mungu mdogo. Chukua Baldur's Gate ya kwanza, ya 1998. Mchawi mpya anaanza na uhai wa 4, ama 6 kama mwili wake ni mgumu sana. Mshale mmoja mzuri unaweza mmaliza. Uchawi anaobeba ni mmoja, akiurusha inabidi alale ndio aupate tena. Mpiganaji wa siku hiyo hiyo ako na uhai wa 10 hadi 14, na ukimpa upinde anapiga mara mbili kila raundi, mbali, bila kuguswa. Kwa gemu hiyo, upinde ndio mfalme. Watu hubishana juu ya panga na hawajajaribu upinde.

Waundaji waliweka pia kizuizi: pointi za uzoefu haziwezi pita 89,000. Sasa angalia hii. Mchawi anahitaji 90,000 ndio afike ngazi ya 8. Amekosa kwa 1,000 tu! Mwizi kwa hiyo bajeti anafika ngazi ya 8 bila stress, juu yeye anahitaji 70,000. Hiyo ndio maana gemu ya kwanza inaonekana iko sawa: mchawi alifungiwa mlango kabla aingie sebuleni.

Halafu 2000 ikaja Baldur's Gate II, kizuizi kikapanda hadi 2,950,000, na 2001 Throne of Bhaal ikakipeleka milioni 8. Mlango ukavunjika. Mchawi akapata uchawi wa ngazi ya 9, kama ule wa Time Stop, ambapo dunia nzima inasimama na yeye peke yake anatembea. Mpiganaji wako na upanga wake wa maana anabaki amesimama hapo kama mlingoti. Vita kubwa za hiyo gemu ni za wachawi kuvuana ngao, na mpiganaji anangoja aambiwe sasa piga. Kama unauliza nani mkali, kesi imeisha. Mchawi.

Lakini weka masaa kwa hiyo hesabu. Mchawi anakuja kuomoka baada ya masaa mengi sana ya kuchezwa. Makumi, si mawili matatu. Msee wa Sori anapata masaa aje? Kwa base ya PS unalipia mechi. Kwa saiba unalipia dakika. Laptop ya kuazimana inarudi kwa mwenyewe saa kumi na mbili, na stima nayo ina mipango yake. Ukicheza hivyo, kila siku unaona mwanzo tu wa gemu. Na mwanzoni mchawi ni mzigo. Kwa huyo msee, mpiganaji ndio klasi ya nguvu, na hajakosea hata kidogo. Anasoma mizani ya gemu kutoka mahali amesimama.

Hapo ndio unaelewa pia kwa nini FIFA imetawala kila base kutoka Muhuru Bay hadi Mbita. Watu husema vijana wetu hawapendi hadithi ndefu. Apana. Mechi inaisha kabla doo iishe, ni hivyo tu. Gemu ya masaa 60 haiuziki kwa shilingi za mechi.

Na ziwa liko na ratiba yake. Omena inavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haivuti kitu, kwa hivyo mbogi ya boti inapumzika siku kadhaa. Halafu kuna ile miezi, Aprili hadi Julai, serikali hufunga uvuvi wa omena ili samaki wazaane. Hapo msee ako na masaa kibao ya kulea mchawi hadi ngazi ya juu. Kitu hana ni pesa ya bundles na chaji. Msimu ukifunguliwa, pesa inarudi, masaa yanaenda. Sijaona mwundaji wa gemu aliyepigia hiyo hesabu.

Kuna gemu zinaumiza zaidi kwa hii njia. Wizardry, ile ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead, ilikuwa katili. Unaingia shimoni na watu sita. Mmoja akikufa unajaribu kumfufua, ikigoma anageuka majivu, ukijaribu tena ikigoma amepotea kabisa. Na gemu inaandika hayo kwa diski hapo hapo, so hakuna kuzima mashine ujifanye haikuhappen. Mtu amewekeza wiki tatu za masaa ya kuibia anaweza lia.

Lakini Wizardry iko na funzo lingine, na ni kwa mwizi. Kwenye mapigano huyo jamaa ni bure kabisa. Anakaa nyuma, hapigi kitu cha maana. Ukihesabu nguvu pekee, mtoe. Halafu unafika kwa sanduku, limetegwa, unalifungua bila yeye, na mtego unaangusha nusu ya kikosi. Ukienda na boti ya omena utamkuta huyo mtu. Kuna wa injini, kuna wa taa, kuna wa kuvuta nyavu, na kuna yule kazi yake ni kuchota maji yanayoingia. Siku ziwa limetulia unaweza uliza kwa nini analipwa. Siku upepo umeamka hakuna mtu anauliza.

Kwa hivyo mimi nasema kulinganisha klasi moja moja ni kujisumbua, kama gemu inakupa kikosi. Ukiwa unaendesha watu sita, mchawi dhaifu si shida, unamficha nyuma ya wapiganaji hadi akue. Kutolingana ndio inakufanya ufikirie. Ngori inaanza wakati gemu inakupa mtu mmoja tu.

Diablo II ndio mfano mwenyewe. Ilitoka 2000 na klasi tano: Amazon, Barbarian, Necromancer, Paladin na Sorceress. Mwaka uliofuata wakaongeza Assassin na Druid. Hapa unachagua mmoja na huyo ndio wewe. Sorceress anapasua mwanzo, halafu unafika kiwango cha Hell, unakutana na majini hayahisi baridi, na wewe pointi zako zote uliweka kwa barafu. Umeisha. Na kwa miaka karibu kumi haukuwa na ruhusa ya kubadilisha. Pointi ukiweka vibaya, anza upya. Ile nafasi ya kupanga pointi upya ilikuja 2010. Fikiria msee wa saiba amelipia kila dakika ya hayo makosa.

Mbaya zaidi, waundaji walikuwa wanabadilisha mizani katikati ya safari. Mabadiliko ya 2003 yalimfanya Paladin wa nyundo kuwa mnyama, juu majini machache sana yanaweza kuhimili nyundo zake, na tangu hapo ukiingia mtandaoni kila mtu ni Paladin wa nyundo. Klasi saba kwa kava, mbili tatu kwa uwanja. Toleo jipya lilikuja kurekebisha hiyo mambo 2022, na hata hivyo tabia ya watu haikubadilika sana.

Ultima IV ya 1985 iliamua kukuambia ukweli mapema. Haikuulizi unataka klasi gani. Inakuuliza maswali ya tabia, mfano utachagua haki ama huruma, na majibu yako yanakupa kazi. Aliyependa ushujaa ni mpiganaji, mkweli ni mchawi. Mnyenyekevu anakuwa mchungaji wa mifugo, na mchungaji ni dhaifu kuliko wote, makusudi kabisa. Kuna watu huona hiyo ni uonevu. Mimi huipenda. Haijaficha kitu, na hata mchungaji anaweza maliza gemu, ni vile tu atasota.

Haya yote yanatuhusu kwa sababu moja: siku moja kuna msee wa pande hii atatengeneza gemu ya ziwa, na swali la kwanza litakuwa klasi. Hadithi ziko tayari. Lwanda Magere wa Kano, mwili wa jiwe, mkuki haumwingii. Ni mpiganaji kamili, ila kivuli chake ndio roho yake, na mke aliyetoka kwa maadui ndio alitoboa siri. Gor Mahia wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, mganga wa kujigeuza maumbo, jina limebebwa na klabu ya mpira tangu 1968. Ni mchawi kamili. Wazee waliosimulia walijua kupima. Yule wa nguvu nyingi kwa mwili walimwekea kivuli. Lakini Gor Mahia kwa zile stori nimesikia anakwepa kila kitu, na ukimweka hivyo kwa gemu, hakuna mtu atachagua mvuvi. Huyo mwundaji itabidi amtafutie kivuli chake. Na tafadhali ampe uwezo wa kuseivu popote, stima ikipotea msee asirudi kijijini mwanzo.

Kwa sasa, kama uko na simu ya kawaida tu, sahau Baldur's Gate 3, hiyo inadai kompyuta kali na nafasi ya GB 150. Ile ya kwanza iliyoboreshwa iko kwa Android tangu 2014, na inakubali kuseivu karibu popote mradi hakuna adui karibu. Chagua mpiganaji, mpe upinde. Mwizi usijisumbue kutafuta, Imoen anakuja mwenyewe dakika za mwanzo, bure, na ukivuka hadi gemu ya pili utamkuta ameshajifunza uchawi. Mchawi wako mwingine mweke nyuma na ule uchawi wa kulaza maadui, unalaza kundi zima kwa pigo moja. Halafu shukeni Nashkel, kwa machimbo ya chuma ambayo wachimbaji wanapotelea ndani. Wasee wa Macalder mtaielewa hiyo sehemu haraka kuliko mtu yeyote.