Magego Yaliyofichika Yahesabiwe

Mabingwa wa kupanga meno wamekuwa wakitoa hesabu za wagonjwa wao ambao magego yao ya kudumu yamekwama tayani yasiote. Ukiacha gego la mwisho, ambalo kukwama kwake ni jambo la kawaida, hesabu hizo ni ndogo: wachache tu katika kila wagonjwa 100. Kwa hiyo yuko atakayesema kwamba hilo si tatizo la Kilwa wala la Lindi.

Lakini waliohesabiwa ni akina nani? Ni wale waliofika kwa bingwa wakapigwa picha ya eksirei. Mtoto wa Somanga, Pande au Mchinga hayumo. Huenda wenye kasoro hiyo kwetu ni wachache zaidi, kwani waendao kwa bingwa tayari wana matatizo ya meno. Hata hivyo, huyo mmoja wetu hana amwonaye.

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto afikapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania kuwa ni la utoto. La pili hufuata kwenye miaka 12. Likikosa nafasi, hukwama. Hapo laweza kula mzizi wa jirani yake au kuleta uvimbe na usaha. Likigunduliwa mapema, aghalabu hufunuliwa na kuvutwa mahali pake. Mizizi ikishakomaa, kazi huwa ngumu. Samaki mkunje angali mbichi.

Taifa limekuwa likifundisha madaktari wa meno Muhimbili tangu mwaka 1979, na Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 limetuondolea adha ya kivuko cha Rufiji. Lakini mzazi hatoi nauli ya kwenda Dar es Salaam kwa kasoro asiyoijua.

Kwa hiyo twazitaka halmashauri zetu ziwatume waganga wa meno katika shule za msingi, wawapime watoto wa darasa la kwanza, kisha wa darasa la saba. Kazi hiyo yataka kioo kidogo, mwanga na daftari. Gego lisiloonekana kwa wakati wake liandikwe, na mzazi aelezwe aende wapi. Kamati za shule zifuatilie. Hapo ndipo tutakapokuwa na hesabu zetu wenyewe, na mtoto wa mvuvi atakuwa mmoja wa waliohesabiwa.