Vipimo vya afya ni vya wachezaji tu? Uzi kwa wadau wa vijiwe vya Kihesa

1. Dirisha la usajili likifunguliwa, Kihesa hakulaliki. Kila bajaji ina mchambuzi, kila kijiwe kina mkurugenzi wa ufundi. Nani anaachwa, nani anatua kutoka Kongo, nani kaonekana uwanja wa ndege kajifunika kofia. Sina shida na hilo, na mimi ni shabiki. Shida yangu ni nyingine. Wiki iliyopita tumemzika mwenzetu, na tunadanganyana kuhusu kilichomuua.

2. Jina simtaji, familia bado iko matanga. Wala sigusi faili la mtu. Mimi ni nesi, siri ya mgonjwa ni siri. Nasema tu yale aliyoyasema mwenyewe kijiweni, mbele ya kila mtu: kwamba ana presha, na kwamba dawa kaacha kwa sababu "sasa hivi najisikia fiti". Watu wakacheka, mada ikarudi kwenye usajili.

3. Msibani nikasikia: "Kafa na timu yake moyoni." "Ligi imemmaliza." Jeneza likawekwa skafu. Heshima hiyo anaistahili, siipingi. Alikuwa mtu wa Lipuli kabla hajawa mtu wa timu ya Kariakoo. Lipuli ilipopanda Ligi Kuu 2017 alikuwepo. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 kule Lindi, tuliyofungwa 1-0 na Azam, alikuwa anaisimulia kama ya jana. Timu ikashuka 2020, yeye hakushuka. Lakini tusigeuze ugonjwa kuwa sifa. Mapenzi ya timu hayapasui mshipa wa ubongo. Presha isiyotibiwa inapasua.

4. Najua atakuja mtu: "Nesi, mechi zenyewe zinaua." Haya, tuongee mechi. Kombe la Dunia 2006, watafiti kule Munich walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, walikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida. Na waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ni wale ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo. Someni hapo taratibu. Mechi ni kiberiti tu. Kuni kavu mtu anakuja nazo mwenyewe.

5. Sasa niambieni. Klabu kubwa inamwaga hela kwa mchezaji kabla hajapimwa? Thubutu! Anapimwa moyo, anapimwa damu, anapimwa goti. Ile picha kalala kitandani, nyaya zimebandikwa kifuani, ndiyo mnaishea kwa furaha: "Kafaulu vipimo!" Kijana wa miaka 24 anayekimbia kila siku anapimwa moyo. Wewe una 52, kutwa umekaa kwenye usukani, usiku chipsi mayai na chumvi juu, presha yako huijui hata namba ya kwanza. Kati yenu nani alihitaji vipimo?

6. Kupima ni dakika chache na hakuumi. Ikisoma 140 juu au 90 chini, na ikarudia hivyo ukipimwa siku nyingine, hiyo ni presha, anza kliniki. Wengi haiwaumi popote. Usisubiri kichwa kigonge. Na dawa humezi ili "upone" kisha uache, unameza ili isipande. Kujisikia fiti si sababu ya kuacha dawa. Timu inaongoza 1-0 dakika ya 60, unamtoa kipa?

7. Tuje kwenye hela, maana ndipo penye kelele. Siku ya msiba tawi lilichanga turubai, sanduku, coaster na chakula, na hela ikapatikana siku hiyohiyo. Safi sana. Sasa CHF iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu 6 ilikuwa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Watu sita, mwaka mzima! Pigeni wenyewe hesabu na bei ya jezi mpya. Tunajua sana kumchangia maiti. Aliye hai tunamwambia "pole, jikaze".

8. Viongozi wa matawi, hapa ni kwenu. Nani anadaiwa ada mnamjua kwa jina. Nani kaishiwa dawa hamumjui. Mtaniambia hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na mgonjwa akiambiwa dawa hakuna, akanunue nje, serikali inadaiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tuidai itimie, na mimi nitapiga kelele pamoja nanyi. Lakini saa tatu usiku mtu anapopinda mdomo kwenye kibanda umiza, serikali haijakaa benchi moja naye. Mmekaa ninyi.

9. Kwa hiyo shikeni hili. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono hauna nguvu, maneno yanaburuzika: hicho ni kiharusi. Hajarogwa, hajapigwa na upepo. Msimpe maji wala chai, atapaliwa. Angalieni saa dalili zilipoanza, mkamwambie daktari. Bajaji, hospitali, sasa hivi. Mechi mtaangalia marudio.

10. Ninachotaka: kabla dirisha halijafungwa, kila tawi liitishe kikao kimoja cha kupima presha. Mashine ninayo, nakuja mwenyewe, bure, nyekundu au kijani sibagui. Muwe na mfuko wa dawa na bima kama mlivyo na mfuko wa safari ya Simba Day na Wiki ya Mwananchi. Mwenye presha apewe mwenzake wa kumuuliza kila siku: "Umemeza?" Kiongozi atakayekataa awaambie wanachama wake kwa nini sanduku lina bajeti na kidonge hakina.

Mwenzetu alikuwa anasubiri kwa hamu kujua namba 9 mpya ni nani. Atatangazwa, tutashangilia, yeye hatajua.

Haya, leteni povu. Nipo zamu ya usiku, nasoma yote.