Redio ya Babu Isife Jaani

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Lau wangekuwa hai leo na kupita katika nyumba zetu, labda wangeongeza jambo moja: hata ukiuacha mbachao wako, angalia ni wapi unapoutupa.

Hebu, msomaji, fanya ziara fupi nyumbani mwako kabla hujamaliza chai ya asubuhi hii. Chungulia chini ya kitanda, juu ya kabati na ndani ya stoo. Iwe unaishi Bulla Iftin mjini Garissa, Wajir, Mandera au Eastleigh kule Nairobi, si ajabu ukakuta simu mbili tatu zilizopasuka vioo, taa ya sola isiyowaka, pasi iliyoungua waya na chaja zilizosokotana kama nyoka. Pengine ipo pia ile televisheni nzito yenye kisogo, iliyostaafishwa mwaka 2015 Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali, ingawa ingeweza kuendelea kutumika kwa kuunganishwa na king'amuzi.

Na katika nyumba nyingi za Kaskazini Mashariki ipo redio ya babu. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na tangu hapo wazee wengi wa eneo hili wamekuwa wakiitegea sikio kila jioni wapate habari za vita, za ukame na za walimwengu. Redio hiyo ikinyamaza, hakuna anayethubutu kuitupa mbele ya mzee. Huwekwa tu. Mzee akishaaga dunia, na siku ya kusafisha nyumba kuelekea Idi ikiwadia, redio hutolewa pamoja na matambara na mikebe, ikaenda jaani.

Huko jaani haikosi wageni. Wa kwanza ni mbuzi. Garissa ni mji wa mifugo, na soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa katika kanda hii. Mbuzi na ng'ombe wanaozurura mitaani hutafuta riziki katika marundo ya taka, nao hawana mwalimu wa kuwafunza tofauti kati ya ganda la ndizi na ganda la waya. Mnyama huyo huyo ndiye atupaye maziwa na nyama.

Mgeni wa pili ni mtoto. Amekwisha kujua kuwa ndani ya waya mna shaba, na shaba huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Njia ya mkato ya kuipata ni kuwasha moto, plastiki iteketee, shaba ibaki. Anachoambulia ni shilingi chache. Anachovuta puani ni moshi wenye dioksini, sumu ambayo wataalamu wameihusisha na saratani.

Mgeni wa tatu ni mvua. Mvua za huku ni chache, lakini zikija huja kwa kishindo. Huyasomba yaliyomo jaani hadi kwenye laga, na laga huyapeleka Mto Tana. Ni mto huo huo unaowapa wakazi wa Garissa maji ya kunywa.

Tumezoea kusema kuwa akiba haiozi. Betri huoza, tena upesi zaidi katika joto la Garissa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari, ambayo ndiyo hutumiwa pia na nyumba nyingi zenye sola, ni madini ya risasi. Madini hayo huathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kioo cha televisheni yenye kisogo nacho kina risasi. Mirija ya taa za fluoresenti ina zebaki.

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni na akumbuke kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa. Mnamo 2007 kilifunguliwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchakata, neno tamu masikioni. Lakini ilifanywa ovyo, ubavuni mwa nyumba za watu, na wenyeji wakaugua, watoto wakiwemo. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na mwanawe akaathirika, aliongoza mapambano hadi kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mnamo Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Funzo ni kwamba kukusanya vikuukuu hakutoshi. Ni lazima tujue vinakwenda kwa nani, na huyo anavifanyia nini.

Tatizo hili si la Garissa pekee. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ilionyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na kwamba ni kama asilimia 22 tu zilizokusanywa na kuchakatwa kwa njia inayojulikana. Kenya ilikadiriwa kuzalisha tani 51,000 hivi mwaka 2019.

Si kwamba sheria haipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na kanuni za 2024 zikawatwika watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wajibu wa kushughulikia bidhaa zao hata zikishakufa. Wachakataji nao wapo. Tangu mwaka 2002 shirika la Computer for Schools Kenya limekuwa likifufua kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Kazi hiyo ilizaa swali: zile zisizofufuka ziende wapi? Kwa ajili hiyo kukaanzishwa, mwaka 2012, kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi, ambako vifaa hufunguliwa kitaalamu, shaba, chuma na plastiki vikatengwa, na sumu ikawekwa mbali na watu.

Kikwazo chetu, basi, ni safari. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi. Simu nyingi hazifiki robo kilo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepanda basi kwenda Nairobi kuitupa simu vyema. Lakini nyumba mia moja zikileta kila moja kilo tano, huo ni mzigo wa nusu tani, na nusu tani ina sababu ya kusafiri. Ndiyo maana kazi hii haimfai mtu mmoja mmoja. Ni kazi ya mtaa.

Ianzeni kwa fundi. Nendeni Suq Mugdi au kwenye kibanda chochote cha fundi wa redio na simu. Mtoto atakayefika na redio mkononi na kusema, "Adeer, hii haisemi," huenda akajibiwa, "Iache hapa adeer, upitie jioni." Mara nyingi ni waya uliokatika au swichi iliyojaa vumbi. Fundi hutumia viungo vya redio zilizokufa kuiponya iliyo hai. Alikuwa akifanya kazi hii kabla ya wasomi kuitafutia jina. Kumpelekea kifaa ni kumpa kula na kuokoa pesa zako.

Kifaa kinachofanya kazi lakini hukitaki, mpe anayekihitaji: madrasa, jirani, mwanafunzi. Ila tusidanganyane. Kumpa mtu kompyuta iliyokufa si sadaka, ni kumhamishia jaa. Na kabla ya kutoa simu, ondoa laini na kadi ya kumbukumbu, futa picha na jumbe zako, na ufunge akaunti zako zote. Wengi wamefungua mlango wa siri zao kwa kusahau jambo hilo dogo.

Vinavyobaki ndivyo vya siku ya makusanyo. Chagueni Jumamosi moja katika uwanja wa shule au mahali chama cha akina mama kinapokutania. Wekeni masanduku matatu: la vinavyofanya kazi, la vinavyotengenezeka na la vilivyokufa kabisa. Betri zisichanganywe na chochote. Ziwekwe kivulini, pakavu, ncha zake zimefunikwa kwa utepe. Betri ya simu iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, maana hulipuka moto. Iwekwe peke yake ndani ya debe la mchanga. Asidi ya betri isimwagwe chini hata tone. Kioo cha televisheni kisivunjwe. Watoto wabebe chaja na redio, betri waachiwe watu wazima waliovaa glavu.

Pawepo na mizani na daftari. Andikeni kilichokuja na uzito wake, kwani mchakataji atauliza, na mwenye lori atauliza. Kabla ya siku hiyo, fikeni ofisi ya NEMA ya kaunti mwulize ni nani mwenye leseni ya kupokea mzigo wa aina hii. Asiyeweza kuonyesha leseni msimpe, hata akitaja bei nzuri namna gani. Kisha zungumzeni na dereva aliyeteremsha bidhaa za dukani na anayerudi Nairobi. Huenda ana nafasi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa na wale wa North Eastern National Polytechnic wana nguvu na ujuzi wa kuliongoza jambo hili, na chama cha mazingira chuoni kingepata kazi ya kufanya badala ya kupiga picha za miche.

Tusingoje. Mnamo Desemba 2019 kilizinduliwa rasmi kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50 hivi na paneli zaidi ya 200,000. Ni fahari ya eneo hili. Lakini paneli nayo ina umri, kama miaka 25, na katikati ya miaka ya 2040 zile zitaanza kutafuta pa kulazwa. Ongeza taa ndogo za sola zilizoingia katika manyatta, na zile zilizomo katika kambi za Dadaab, ambazo zimekuwapo tangu 1991. Mwanga uliotufikia ni neema. Mtaa uliojizoeza leo kukusanya chaja na redio utajua la kufanya zamu ya paneli itakapofika.

Leo jioni, basi, itoeni ile redio ya babu chini ya kitanda. Ifuteni vumbi, mtieni betri mpya, mjaribu. Ikisema, keti na wanao uwasimulie aliyekuwa akiisikiliza. Isiposema, mpelekee fundi. Naye fundi akitikisa kichwa, iwekeni katika sanduku la tatu mngoje Jumamosi ya mtaa. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba chenyewe ni lori.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.