Mulot na wizi wa simu: Kamatakamata ya polisi pekee haitaokoa uchumi

MJI mdogo wa Mulot, ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, umepata umaarufu ambao wenyeji wake hawakuutaka. Kwa miaka kadhaa sasa, jina lake limetajwa mara kwa mara makachero wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) wanapotangaza kunaswa kwa washukiwa wa wizi wa pesa kupitia simu.

Wizi huu hauhitaji bunduki wala panga. Tapeli hupata nambari ya kitambulisho cha mtu, akajifanya ndiye mwenyewe, na laini ikahamishiwa kadi nyingine iliyo mikononi mwake. Mwenye laini hushtukia simu imepoteza mtandao. Anapouliza kulikoni, akiba yake imekwisha kuyeyuka.

Hasara hiyo si ya mtu mmoja tu. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, simu imekuwa benki ya mwananchi wa kawaida. Katika milima ya chai ya Bomet na Kericho, mkulima mdogo hulipwa kila mwezi kwa majani aliyopeleka kiwandani, kisha husubiri bonasi ya kila mwaka. Karo, mbolea na vibarua hulipwa kutokana na fedha hizo, na nyingi hupitia simu. Mkulima akipoteza imani na simu, biashara ya kijiji kizima huzorota.

Sheria si haba. Kanuni za usajili wa laini zilitolewa mwaka wa 2015, sheria ya uhalifu wa mitandaoni ikapitishwa 2018, na ya kulinda data 2019. Mwaka wa 2022, Wakenya walihimizwa kusajili upya laini zao.

Kasoro ni kwamba jukumu limegawanyika. Vitambulisho hutolewa na idara ya usajili, kampuni za simu husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, mifumo ya malipo iko chini ya Benki Kuu, data ina kamishna wake, nao uhalifu ni wa DCI. Aliyeibiwa hajui mipaka hiyo. Anachotaka ni pesa zake zizuiwe kabla hazijatolewa kwa wakala.

Hivyo basi, mafanikio hayafai kupimwa kwa idadi ya vijana waliotiwa pingu. Yapimwe kwa muda unaopita kabla ya laini iliyotekwa kufungwa, na kwa idadi ya waathiriwa wanaorejeshewa fedha. Aidha, wanaovujisha habari za wateja wasakwe kwa bidii ile ile.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Katiba ya 2010 iliziachia masoko na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kijana aliye hodari wa simu anahitaji mafunzo na kazi halali, na kaunti za Bomet na Narok zinaweza kushirikiana kumpa. La sivyo, hata asiye na hatia ataendelea kutiliwa shaka kwa kutaja tu anakotoka.

Uchumi imara hujengwa muuza viazi anapopokea malipo bila hofu. Idara za umma zisipoziba ufa, zitajenga ukuta.